Sauti Imehifadhiwa

Wiki iliyopita baba yangu mdogo, Prosper, alituma kitu kwenye kundi la ukoo la simu. Chini yake aliandika: "Sauti ya marehemu Mama, niliyoirekodi mwenyewe kwa programu niliyoitunga mwenyewe, kabla wengi wenu hamjajua kompyuta ni nini. Kijana mmoja ameitoa kwenye disketi. Sasa teknolojia imefika pale nilipokuwa mimi. Sikilizeni hotuba yote." Hata dakika haikuisha, ukoo mzima ulishamimina amina, na mishumaa, na mikono iliyofumbatana. Hakuna aliyeifungua. Ndugu zangu nawajua: kwao kusikiliza ni kazi ya mtu mwingine, wao wanatoa amina tu.

Mimi pia sikuifungua mara moja. Nilikaa na simu mkononi, na pua yangu ikanipeleka mbali na jikoni kwangu. Nilisikia harufu ya mbege, pombe yetu ya ndizi, iliyomwagikia kitu cha moto, na vumbi lililounguzwa na umeme, na Bibi yangu katikati ya harufu hiyo akiwa amesimama wima na kitenge chake cha kanisani. Nilikuwa na umri wa mtoto anayeandaliwa kwa komunyo ya kwanza, yaani umri wa kuamini lolote linalosemwa na mtu mzima aliyevaa miwani.

Baba Mdogo alivaa miwani. Kama mlikulia mlimani miaka ile ya ruksa, mtawakumbuka watu wa aina yake. Mipaka ilifunguliwa, mitumba ikaingia, na pamoja na makoti na friji zisizogandisha wakaingia na watu wa mitumba, waliochakaa mahali pengine wakaja kwetu kujiita wapya. Alikwenda Dar es Salaam kusomea kompyuta, kozi ambayo urefu wake ulibadilika kila alipoisimulia. Alirudi kwetu Mkuu, Rombo, na mashine aliyoinunua kwenye ofisi iliyokuwa inatupa vyombo vyake vikuukuu. Ilipandishwa kutoka stendi hadi kihambani, nyumbani kwetu kwenye migomba, ikiwa imefunikwa blanketi la Bibi, na watu njiani walitupa pole wakidhani tumebeba mgonjwa.

Tangu siku hiyo hatukuwa na amani. Kuku hawakupita karibu na chumba chake. Redio ilizimwa ili "isiingiliane". Ukimuuliza jambo dogo, mathalani kama mvua itanyesha, alijibu kwanza kwa kuguna, kisha kwa Kiingereza. Na alikuwa na usemi mmoja aliourudia kama litania: "Kompyuta haidanganyi." Bibi aliusikia mara nyingi, na kila mara aliendelea kumenya ndizi zake.

Nyumba yetu wakati huo ilikuwa na kidonda. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka vibaya. Baba yangu, Kanuti, mtoto wa kwanza wa Bibi, Jumapili moja Bibi akiwa misani, alishika panga akaikata mibuni yote ya marehemu babu ili apande nyanya. Bibi aliporudi alisimama katikati ya visiki, rozari bado iko mkononi, akasema mbele ya majirani: "Mkono uliokata mibuni ya mume wangu hautashika kata ya mbege nyumbani kwangu." Nyanya zenyewe zilioza kwa ukungu. Baba akamchukua mama yangu wakashuka tambarare, kusini mwa Moshi mjini, kwenye mashamba ya miwa, wakakaa kwenye nyumba za wafanyakazi. Mimi niliachwa kwa Bibi ili niendelee na shule. Krismasi ikaja Baba hayupo, ikaja nyingine hayupo. Mnajua kwetu maana yake ni nini. Mtu anaweza kukosa mazishi akasamehewa, lakini Krismasi hata mlevi wa ukoo hupanda mlima. Nilitaka baba yangu arudi, sikutaka kitu kingine chochote duniani.

Mwezi wa Novemba Mama alikuja. Alitoa ndani ya gazeti jani la isale, akampa Bibi kwa mikono miwili. Isale ndiyo mimea tunayopandia mipaka, na ukiletewa jani lake na mtu aliyekukosea, huwezi kukataa kusamehe, hata kama umekasirika kiasi gani. Bibi alilitazama kwa muda, akalichomeka kwenye ukuta juu ya meko.

"Nimepokea," akasema. "Mwambie aje nimtemee mbege ya baraka kifuani, yaishe."

Mama akainama. "Mama, anasema ulimfukuza kwa sauti mbele za watu. Kwa hiyo hawezi kuja mpaka asikie kwa sauti yako. Akiambiwa na mimi atasema namliwaza."

"Mimi nishuke kule porini? Kwenye mbu?"

"Na yeye hapandi, Mama."

Basi hapo ndipo walipofika, mama na mwana, kila mmoja ameketi juu ya kiburi chake kama kuku juu ya mayai viza. Mama akapanda gari akarudi kwake. Bibi ndiye aliyepata wazo la maana. Mwalimu wa kwaya, jirani yetu, alikuwa na redio kaseti. Ilirekodi kwa kubonyeza vitufe viwili na ilitumia betri. Bibi akasema twende tukaiazime.

Baba Mdogo alicheka, kicheko cha puani. "Kaseti! Kaseti inaliwa na redio, Mama. Inanyooka, inapata unyevu. Mimi nitaihifadhi sauti yako kwa namba. Namba haziozi."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu wala hakusubiri kusifiwa. Alitangaza Mkuu sokoni na kanisani kwamba atamsuluhisha kaka yake kwa kompyuta. Tatizo ni kwamba kadi ya sauti iliyokuwamo ndani ya mashine ilikuja bila disketi zake, kwa hiyo haikujua kufanya lolote. Ikabidi aitungie programu mwenyewe, akinakili mistari kutoka kwenye kitabu kilichotolewa fotokopi, kurasa nyingine zimekatwa pembeni na maneno ya mwisho hayapo. Palipokosekana maneno alijaza ya kwake. Namna hiyo alifanya kazi wiki baada ya wiki, huku redio kaseti ya mwalimu wa kwaya ikiimba ng'ambo ya migomba.

Mimi niliruhusiwa kukaa mlangoni, miguu nje. Nilichokiona kwenye kioo kilinipumbaza. Baba Mdogo alipozungumza kwenye kipaza sauti, mstari wa kijani ulipanda na kushuka, ukichora vilima. "Halo, halo, moja, mbili, tatu," alisema, kisha akabonyeza, na kutoka kwenye kisanduku sauti ikajibu kwa mkwaruzo: halo, halo, moja, mbili, tatu. Kila siku alijaribu hivyo hivyo, maneno hayo hayo, na kila siku ikajibu sawasawa. Siku moja alinipa zamu mimi. Nikasema "Bikira Maria," na kwenye kioo nikauona Mawenzi, ule mlima wetu wa meno tunaouona kila asubuhi kutoka Rombo. Nikaamua moyoni kwamba mashine ile inachora mlima kwa kila anayesema kweli, na kwamba ukishachorwa umeshatunzwa milele. Hakuna aliyenisahihisha. Baada ya vilima, kioo kiliandika kwa herufi kubwa: SAUTI IMEHIFADHIWA. Nilimheshimu sana yule aliyekuwa anaandika ndani. Sikujua kwamba Baba Mdogo ndiye aliyeyatunga maneno hayo pia, na kwamba programu yake iliyaandika kila ikifika mwisho, imehifadhi au haikuhifadhi.

Jumapili ya kurekodi ilifika. Bibi alitoka misani akiwa bado na kitenge chake cha kanisani, akaja na kibuyu cha mbege na kata yake. Baba Mdogo alifukuza watoto wote wa jirani, akafunga dirisha, akambakiza Bibi, yeye mwenyewe na mimi niliyekaa kimya.

"Mama, zungumza hapa. Usisogee. Usikohoe."

"Nikitaka kukohoa?"

"Usitake."

Bibi alianza kwa Kichagga, polepole, akiwataja kwanza waliokufa. Kisha akasema maneno ambayo sikuyatarajia, nami nayaandika hapa kama nilivyoyasikia. Alisema: "Kanuti, mwanangu wa kwanza. Mibuni ile hata mimi ilinichosha. Nimeipalilia na mimba, nimeichuma na homa, na baba yako ndiye aliyeshika hela yake. Tangu alipokufa nilitamani kuikata, nikakosa ujasiri. Ulipoikata wewe nilikasirika kwa sababu ulinitangulia. Njoo nyumbani." Kwenye kioo mstari wa kijani ulichora Mawenzi baada ya Mawenzi. Nililia kwa furaha, maana nilijua yote yanatunzwa. Baba Mdogo hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameukodolea macho ule mstari, akitabasamu kama mtu anayetazama picha yake mwenyewe.

Bibi akamaliza kusema. Lakini baraka kwetu haimalizwi kwa maneno. Baraka isiyo na mate ni salamu tu. Bibi akajaza kata, akavuta mbege mdomoni, na kwa kuwa mwanawe hakuwapo na mashine ndiyo iliyotumwa badala yake, akaitemea mashine kifuani. Pfuu! Ikaenea vizuri, kuanzia kioo hadi kibodi.

"Mama! Umeme! Utaunguza!" Baba Mdogo alipaa kutoka kitini, akamkamata Bibi mkono, akamvuta nyuma kwa nguvu.

Hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kumkamata Bibi mkono. Aliutazama ule mkono, kisha akamtazama mwenye nao, na kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake akasema: "Ondoa mkono wako. Ondoka mbele yangu. Nimezaa mtoto gani mimi, asiye na adabu? Sitaki kukuona hapa nyumbani kwangu."

Baba Mdogo akaruka kwenye kibodi, akabonyeza, akaanza kufuta mbege kwa shati lake. Kioo kikaandika: SAUTI IMEHIFADHIWA. Akaingiza disketi, akanakili, akazima ili mashine ikauke. Hakuisikiliza. Ya nini aisikilize, na kompyuta imeshasema?

Jumamosi iliyofuata tulishuka naye, mimi nikiwa nimebeba kikapu cha ndizi na yeye amebeba disketi ndani ya bahasha, ndani ya kitabu, ndani ya mfuko wa koti. Kule tambarare Baba alikuwa ameomba ruhusa kwa karani mmoja, na karani akatufungulia ofisi yenye kompyuta. Baba alivaa shati la Krismasi. Nilikuwa nimesahau alivyo mrefu. Alininyanyua juu kidogo, akaniweka chini, akasimama na mikono nyuma kama mtu aliyeitwa mbele ya paroko. Mama alisimama nyuma yake.

Kompyuta ile haikuwa na kadi ya sauti, lakini Baba Mdogo alijigamba kwamba ameshaliona hilo: programu yake ingetumia kile kispika kidogo cha ndani, cha kupiga kelele mashine ikikosea. Akabonyeza. Sauti ikatoka kama nyigu ndani ya kopo, lakini ilikuwa ya Bibi, hakuna aliyeweza kukana. Ilisema: "Ondoa mkono wako. Ondoka mbele yangu. Nimezaa mtoto gani mimi, asiye na adabu? Sitaki kukuona hapa nyumbani kwangu." Kisha ikakatika.

Baba aliitoa mikono yake nyuma, akaitazama, ile ile iliyokata mibuni.

"Baba, sio wewe!" nilipiga kelele. "Bibi alikuwa anamwambia Baba Mdogo! Alikubariki kwanza, akasema kuhusu mibuni, halafu Baba Mdogo akamshika mkono!"

Hapo ndipo Prosper alipoweza kuwa mwanamume. Neno moja tu lilitakiwa. Lakini kulisema kungemlazimu akiri mambo mawili: kwamba alimkamata mama yake, na kwamba programu yake ni takataka. Nilimwona akipima. Akaivuta miwani juu ya pua.

"Mtoto huyu anaota," akasema. "Mama hawezi kuniambia mimi maneno hayo. Mashine yenu hii ndiyo mbovu, imekula mwanzo. Sauti yote imo."

"Na mwisho wake ndio huo?" Baba aliuliza.

"Mwisho ni huo. Kompyuta haidanganyi, kaka."

Baba alimshukuru karani, akatoka. Jioni ile hakula. Mama aliniuliza taratibu, nikamweleza, naye aliniamini, lakini Baba alisema mtoto anayempenda baba yake husema lolote.

Leo kazi yangu ni kurekodi sauti za watu redioni, kwa hiyo najua kilichotokea. Mashine zile zilikuwa na kumbukumbu finyu. Sauti iliandikwa kwenye kipande kidogo kilichojaa kwa sekunde chache, na kila kikijaa, programu ilipaswa kuihamisha kwenye diski kabla ya kurudi kuandika tena mwanzo. Ni kama mwalimu na ubao: ukijaa, anasubiri wanafunzi wanakili, ndipo afute. Ubao wa Prosper haukuwa na wanafunzi. Uliandikwa, ukafutwa, ukaandikwa, ukafutwa, huku mstari wa kijani ukichora milima kwa mtu yeyote mpumbavu aliyetaka kuitazama, na mwisho yakabaki maneno ya mwisho tu. "Halo, halo, moja, mbili, tatu" yalitosha ubaoni, ndiyo maana siku zote alifaulu mtihani aliojitungia.

Tuliporudi Mkuu nilimsimulia Bibi kila kitu mbele ya Baba Mdogo, ambaye ghafla alikumbuka kwamba anaitwa sokoni. Bibi aliweka chini ndizi aliyokuwa anaimenya.

"Kwa hiyo kidude hicho baraka kimeacha, matusi kimebeba," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Kimejifunza kwa mwenye nacho."

Kesho yake hatukwenda shule wala shambani. Bibi aliyeapa kwamba hatashuka porini alifunga kibuyu cha mbege kwa kitenge, akanishika mkono, tukapanda basi la asubuhi. Tulipoiona miwa imetanda pande zote alisema tu kwamba ni majani mengi. Kwenye nyumba za wafanyakazi Baba alitoka nje akiwa na fulana, povu la sabuni bado liko shingoni. Bibi hakumsalimu. Alifungua kibuyu, akajaza mdomo, akamtemea kifuani, pfuu!

Majirani walitoka mbio. Walikuwa watu wa Kigoma, wa Singida, wa Iringa, na wao walichokiona ni mama mzazi anamtemea mwanawe mate hadharani. Mwanamke mmoja akamshika Bibi mabega akimsihi, "Jamani Mama, hata kama amekosa!" Mwingine akaleta kitambaa ampanguse Baba. Baba alikisukuma kile kitambaa. Alikuwa amepiga magoti kwenye matope ya maji ya kuogea, mbege ikimchuruzika hadi tumboni, analia kama mimi ninavyolia, na Bibi akamtemea tena. "Krismasi uje na mkeo," akamwambia. "Na mbuzi."

Alikuja. Mbuzi naye alikuja. Baba Mdogo alikuwapo mezani, na kabla supu haijapoa alishaanza kueleza wageni jinsi kompyuta yake ilivyowasuluhisha. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwomba aende akaongeze kuni.

Sauti ya disketi hiyo ndiyo aliyoituma wiki iliyopita kwenye simu. Miaka yote hii alishikilia kwamba sauti yote imo, kwamba ni mashine ya tambarare iliyokula mwanzo, na akaituma kwa ukoo mzima bila kuisikiliza, kama alivyofanya siku ya kwanza. Nikaifungua. Bibi amekufa zamani, na hatuna sauti yake nyingine duniani, kwa sababu tulikuwa na kijana msomi na hatukuazima kaseti. Nilimsikia, safi kabisa safari hii, bila nyigu: "Ondoka mbele yangu. Nimezaa mtoto gani mimi, asiye na adabu?" Nikalia, nikacheka, nikairudia.

Kundini amina ziliendelea mpaka Baba, mzee sasa, ambaye huwa haandiki chochote, alipoandika: "Prosper, Mama anakuita." Basi wakaifungua wote. Muda si mrefu ile sauti ikafutwa na aliyeituma, lakini mimi nilikuwa nimeshaihifadhi.

Simu ikalia. Alikuwa Baba. Alicheka mpaka akakohoa.

"Manka," akasema, "hebu niambie tena ile ya mibuni. Alianzaje?"

Nikakaa chini, nikamsimulia tena, kuanzia kwa wale waliokufa.